Bei ya Wiki Moja Ufukweni: Hesabu Kamili ya Nyumba za Likizo za Zamu

Mkaazi anapoalikwa kwenye kikao cha mauzo ya nyumba za likizo, mara nyingi huonyeshwa bei moja tu, nayo ni bei ya kununua. Lakini mkataba anaowekewa mezani huwa na malipo mengine yanayodaiwa kila mwaka kwa miaka 20, 30 au zaidi, awe amefika ufukweni au hakufika. Kwa wengi, malipo hayo ya kila mwaka huishia kuwa makubwa kuliko bei yenyewe.

Jambo hili linawahusu wakaazi wa Kilifi kwa namna mbili. Kwanza, pwani yetu kuanzia Mtwapa na Kikambala hadi Watamu na Malindi ni eneo la utalii, na aina hii ya umiliki imekuwepo katika mwambao wa Kenya kwa miaka mingi. Pili, wanaotafutwa kununua si wageni wa ng'ambo pekee. Walimu, wauguzi, wafanyabiashara, wastaafu waliopokea kiinua mgongo na jamaa walio ughaibuni pia hupigiwa simu na kualikwa. Kwa familia ya kawaida, uamuzi huo unaweza kugusa akiba ya karo au pesa za kumalizia nyumba ya kuishi.

Makala haya yanaeleza jinsi mpango huu unavyofanya kazi, gharama zake zote, na haki ambazo sheria ya Kenya inampa mnunuzi.

NYUMBA YA ZAMU NI NINI?

Katika mpango huu, unaojulikana pia kama taimusheya, nyumba moja ya likizo huuzwa kwa watu wengi, na kila mmoja hupata muda wake wa kuitumia kwa mwaka, kwa kawaida wiki moja. Mwaka una wiki 52. Wiki moja au mbili huachwa kwa ajili ya ukarabati, hivyo nyumba moja inaweza kuwa na wanunuzi 50.

Wazo hili lilianza Ulaya katika miaka ya 1960, hasa Uswisi na katika milima ya Ufaransa ambako watu walikwenda kuteleza kwenye theluji. Mwaka 1974 kampuni ya RCI ilianzishwa Marekani ili kuwawezesha wanachama kubadilishana wiki zao, kwa mfano mwenye wiki Florida aende Uhispania. Mwaka 1976 ikafuatiwa na Interval International. Tangu hapo mpango umeenea katika nchi nyingi, na aina zake zimeongezeka.

Aina kuu ni nne:

Wiki maalum: mnunuzi anapata wiki ileile kila mwaka, kwa mfano wiki ya Krismasi.

Wiki isiyo maalum: anapata wiki moja ndani ya msimu fulani, lakini ni lazima aombe nafasi mapema. Anayechelewa hukosa.

Pointi: ananunua pointi za kutumia katika hoteli mbalimbali. Wiki za Desemba na Pasaka hula pointi nyingi. Wiki za Mei, wakati wa mvua, hula chache.

Klabu ya likizo: hapa mtu hanunui nyumba wala wiki. Analipa uanachama ili aahidiwe punguzo la bei za hoteli na usafiri.

Tofauti hizi ni muhimu kwa sababu neno "umiliki" hutumiwa kwa zote, ilhali katika nyingi mnunuzi hapati hati ya ardhi wala ya nyumba. Anapata haki ya kutumia kwa muda uliotajwa, na muda huo ukiisha, haki inakwisha.

Suala la ardhi pia lina uzito hapa Pwani. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema mtu asiye raia wa Kenya anaweza kumiliki ardhi kwa kukodi tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Hoteli nyingine, hata za Wakenya, pia zimejengwa kwenye ardhi ya kukodi. Iwapo ardhi imebakisha miaka 18 na mkataba wa likizo ni wa miaka 30, mnunuzi anastahili kuuliza nini kitatokea katika miaka 12 inayosalia.

ADA BAADA YA ADA

Baada ya bei ya kununua, yafuatayo ndiyo malipo yanayoweza kuandikwa ndani ya mkataba:

1. Ada ya matunzo. Hii hulipwa kila mwaka kwa ajili ya usafi, ulinzi, maji, umeme, bustani, bima, mishahara, na kodi ya ardhi ambayo hoteli inadaiwa. Hulipwa hata kama mwenye wiki hakuitumia, na kwa kawaida hupanda. Nchini Marekani, wastani wa ada hii kwa mwaka sasa umepita dola 1,000.

2. Mchango maalum. Paa likivuja, bwawa likipasuka au bahari ikila ukuta wa ufuo, wenye wiki wanaweza kutakiwa kuchangia zaidi ya ada ya kawaida.

3. Ada za kubadilishana. Anayetaka kutumia wiki yake mahali pengine hulipa uanachama wa kampuni ya kubadilishana, kisha hulipa tena kila anapobadilisha. Muuzaji anaposema "ukinunua hapa utakwenda popote duniani", hizo ndizo ada zinazofuata. Nauli ya ndege ni juu ya msafiri.

4. Riba. Anayenunua kwa mkopo au kwa malipo ya kidogo kidogo hulipa zaidi ya bei iliyotangazwa.

5. Ada ndogondogo. Kuna ada ya kuhamisha jina, kuchelewa kulipa, kuhamisha pointi za mwaka huu hadi mwaka ujao, na katika mikataba mingine, ada ya kujitoa.

HESABU YA MFANO

Tuchukue mfano wa kubuni. Mnunuzi anauziwa wiki moja kwa mwaka, kwa miaka 20, kwa Sh900,000. Ada ya matunzo mwaka wa kwanza ni Sh60,000.

Katika kikao cha mauzo, hesabu hufanywa hivi: Sh900,000 kugawa kwa miaka 20 ni Sh45,000 kwa wiki. Gawa kwa siku saba, unapata takriban Sh6,430 kwa usiku. Bei hiyo inavutia, hasa ikiwekwa kando ya bei ya hoteli ya msimu wa sikukuu.

Sasa tuongeze yaliyoachwa. Ada ya matunzo ikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, itafika karibu Sh181,500 katika mwaka wa 20. Jumla ya ada hizo kwa miaka yote 20 ni takriban Sh2,207,000. Ikiwa mnunuzi alilipa Sh300,000 mwanzoni na kukopa Sh600,000 kwa miezi 36, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayokokotolewa kwa salio, riba itakuwa karibu Sh181,000.

Hesabu kamili inakuwa hivi:

Bei ya kununua: Sh900,000
Ada za matunzo, miaka 20: Sh2,207,000
Riba ya mkopo: Sh181,000
Jumla: Sh3,288,000

Gawa kwa siku 140, yaani siku saba kwa miaka 20, na gharama ya usiku mmoja inakuwa karibu Sh23,500. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya ile iliyoonyeshwa mezani. Na kama ugonjwa, kazi, msiba au karo vitamzuia mwenye wiki kusafiri katika miaka sita kati ya hiyo 20, kila usiku aliolala utakuwa umemgharimu takriban Sh33,500.

Ni haki pia kutazama upande wa pili. Mtu ambaye hakununua, akawa anakodi nyumba ya likizo ya Sh12,000 kwa usiku, naye atakuta bei inapanda. Ikipanda kwa asilimia 6 ileile, atatumia takriban Sh3,090,000 katika miaka 20 akienda kila mwaka. Tofauti kati yake na mnunuzi aliyelipa taslimu, ambaye jumla yake ni Sh3,107,000, ni ndogo mno.

Lakini kuna mambo mawili ambayo jumla hizo hazionyeshi. La kwanza, anayekodi hulipa mwaka anaokwenda tu. Mwaka wa shida hana deni na mtu. La pili, anayekodi bado ana Sh900,000 zake. Akiziweka kwenye akaunti ya akiba inayolipa asilimia 8 kwa mwaka, atapata Sh72,000, na baada ya kukatwa kodi ya asilimia 15 atabaki na Sh61,200. Akijumlisha na zile Sh60,000 ambazo angelipa kama ada ya matunzo, ana Sh121,200 katika mwaka wa kwanza. Hizo zinatosha kulipia siku 10 katika nyumba ya Sh12,000, na akiba yake haijaguswa.

JE, NYUMBA YENYEWE INA THAMANI GANI?

Kuna hesabu mbili fupi ambazo kila mkaazi anaweza kuzifanya kwa simu yake akiwa bado kwenye kikao.

Ya kwanza ni kuzidisha bei ya wiki moja mara 50. Katika mfano wetu, Sh900,000 mara 50 ni Sh45 milioni kwa nyumba moja ya likizo. Kisha aulize nyumba ya ukubwa kama huo inauzwa kwa bei gani katika mtaa huohuo. Ikiwa nzima inauzwa kwa Sh12 milioni, basi sehemu kubwa ya pesa anazoombwa haijaingia kwenye matofali. Imekwenda kwa matangazo, kamisheni, chakula cha bure na faida.

Ya pili ni kuzidisha ada ya matunzo mara 50. Sh60,000 mara 50 ni Sh3 milioni kwa mwaka, yaani Sh250,000 kila mwezi kwa kutunza nyumba moja. Yeyote aliyewahi kulipa askari, mfanyakazi wa usafi na bili ya maji anaweza kupima mwenyewe kama kiasi hicho kinafaa. Mnunuzi ana sababu ya kuomba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu iliyopita, ili aone pesa hizo zinatumikaje na ada imekuwa ikipanda kwa kiwango gani.

ADA ZA DOLA

Mikataba mingine hutoza ada kwa dola za Marekani. Kwa anayelipwa mshahara kwa shilingi, hiyo ni hatari nyingine. Mwaka 2019 dola moja ilikuwa takriban Sh102, hivyo ada ya dola 500 ilikuwa karibu Sh51,000. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika takriban Sh160, na ada ileile ikawa Sh80,000, ingawa hoteli haikuongeza hata senti. Baadaye mwaka huo shilingi ilipata nguvu na dola ikashuka hadi karibu Sh129. Mwenye mkataba wa miaka 20 atapitia mabadiliko ya aina hiyo mara nyingi.

KUINGIA NI RAHISI, KUTOKA NI KAZI

Wauzaji wengine huiita wiki ya likizo "uwekezaji". Uzoefu wa nchi zenye soko kubwa unaonyesha vingine. Nchini Marekani, wiki zilizonunuliwa kwa maelfu ya dola hutangazwa kuuzwa tena kwa dola moja, kwa sababu mwenye nazo anachotaka ni mtu wa kumpokea mzigo wa ada. Shamba au kiwanja huwa na soko. Wiki ya likizo hushindana na wiki mpya ambazo hoteli yenyewe bado inauza, tena ikiwa na maajenti na zawadi.

Muda wa mkataba ndio unaoumiza zaidi. Mingine haina mwisho, na wajibu wa kulipa unaweza kuangukia mali ya marehemu na kuwasumbua warithi. Nchini Uhispania, sheria iliweka kikomo cha miaka 50, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mkataba uliokiuka kikomo hicho ni batili.

Wanaotaka kujitoa nao hujikuta wakiwindwa. Mtu hupiga simu akidai amepata mnunuzi wa wiki hiyo, lakini anaomba kwanza alipwe ada ya wakili au ya kuhamisha. Pesa zikishatumwa, simu huzimwa. Mkaazi asitume malipo ya awali kwa mtu wa namna hiyo, iwe kwa M-Pesa au kwa benki.

NANI ANAWEZA KUFAIDIKA?

Si kila mpango ni mbaya. Familia inayokwenda likizo kila mwaka bila kukosa, inayopenda mahali pamoja, inayolipa taslimu na inayopata wiki ya msimu wa juu kwa bei nafuu kutoka kwa mwenye wiki wa awali, inaweza kupata thamani ya pesa zake. Mwenye kutegemea mkopo, au asiyejua mwaka ujao utakuwaje, anabeba mzigo mzito zaidi.

SHERIA INASEMAJE?

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, pamoja na maelezo yanayohitajika ili afaidike nazo. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inataja mikataba ya zamu za likizo moja kwa moja. Sheria hiyo inahusu pia klabu zinazouza punguzo la malazi na usafiri, na inatumika hata kama nyumba yenyewe iko nje ya Kenya.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, mkataba lazima uwe kwa maandishi na mnunuzi apewe nakala. Mnunuzi anaweza kuughairi bila kutoa sababu yoyote, tangu siku aliyosaini hadi siku 10 baada ya kupokea nakala ya maandishi. Haki hii haifutwi na kipengele cha mkataba kinachosema "pesa hazirudishwi". Pia ni kosa kumpa mtumiaji maelezo ya uongo au ya kupotosha ili anunue.

Anayetaka kughairi afanye hivyo kwa barua au baruapepe inayotaja tarehe na nambari ya mkataba, na ahifadhi ushahidi kwamba ilifika. Kupiga simu peke yake huacha nafasi ya ubishi.

MASWALI 10 KABLA YA KUSAINI

1. Ninanunua nini hasa: sehemu ya nyumba, haki ya kutumia, pointi au punguzo?
2. Mkataba unaisha mwaka gani?
3. Ada ya matunzo ilikuwa kiasi gani katika kila mwaka wa miaka mitano iliyopita?
4. Nani anaamua ada ipande, na je, kuna kikomo?
5. Ada inalipwa kwa shilingi au kwa dola?
6. Nikishindwa kulipa mwaka mmoja, nini kinatokea?
7. Nikitaka kujitoa, utaratibu ni upi na unagharimu kiasi gani?
8. Nikifariki, warithi wangu wanaweza kukataa?
9. Ardhi ya hoteli imebakisha miaka mingapi, na je, ina rehani ya benki?
10. Je, naweza kwenda na mkataba nyumbani, niusome na kuuonyesha wakili?

Swali la 10 ndilo kipimo cha haraka kuliko yote. Muuzaji anayesema bei ni ya leo tu anamnyima mnunuzi muda wa kufanya hesabu kama zilizo hapo juu. Zawadi au chakula cha bure hakimlazimishi yeyote kusaini.

PA KUPELEKA MALALAMIKO

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, serikali za kaunti zina jukumu la leseni za biashara, biashara ya haki na utalii wa mashinani. Mkaazi anaweza kufika katika ofisi ya biashara ya kaunti iliyo karibu naye kuuliza kama kampuni inayomwalika ina leseni ya kufanya kazi hapa.

Malalamiko kuhusu maelezo ya kupotosha hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia pia haki za watumiaji. Madai ya pesa yasiyozidi Sh1 milioni yanaweza kufikishwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako mlalamishi anaruhusiwa kujiwakilisha mwenyewe na kesi inatakiwa kumalizika ndani ya siku 60. Panapokuwa na udanganyifu, ripoti itolewe katika kituo cha polisi.

Mlalamishi aende na nakala ya mkataba, risiti za benki au ujumbe wa M-Pesa, barua zote alizoandikiana na kampuni, na kijikaratasi chochote cha matangazo alichopewa. Ambaye amesaini siku chache zilizopita na hana uhakika, ahesabu siku kuanzia tarehe aliyopokea nakala yake. Ikiwa 10 hazijaisha, bado ana nafasi ya kughairi.